Nani Alimlisha Farasi?

Farasi jike hubeba mimba kwa miezi 11, huzaa mtoto mmoja, na akibeba mapacha mara nyingi hawafiki salama. Mtoto huyo hunyonya miezi mitano au sita, na baada ya hapo kazi yake ni kula fedha: za majani makavu, nafaka, chumvi, dawa ya minyoo, na za fundi wa kwato kila baada ya wiki kadhaa. Wa mbio huanza kutandikwa akikaribia miaka 2. Wa kazi nyingine husubiriwa mpaka 3 au 4. Kwa hiyo anayenunua jike leo na kumpandisha msimu huu, atafika mwaka wa tano ndipo awe na farasi wa kuuza kwa bei inayomstahili farasi. Katika muda huo mwenye ng'ombe amekwisha kamua na kuuza maziwa kila siku na kuongeza ndama zizini, na mwenye mbuzi amejaza banda. Farasi, katika nchi nyingi, hakamuliwi wala hachinjwi. Naanza na hesabu hii kwa sababu ndiyo inayobeba hoja yangu yote: tangu zamani, na karibu kila mahali, shamba la kuzalisha farasi limelishwa na kazi nyingine. Mke na mume wanaosafisha mabanda alfajiri kisha mmoja akaenda hospitalini na mwingine shuleni huambiwa kwamba wanacheza, kwamba mfugaji wa kweli ni yule aliyeacha kila kitu akaishi kwa farasi wake. Historia haimjui mfugaji huyo. Wao ndio walioshika desturi ya kale, na wanaowabeza ndio wageni wa jambo hili.

Chukua jangwa la Uarabuni, ambako nasaba ya farasi iliheshimiwa kuliko mahali pengine popote. Masimulizi yanayopendwa humwonyesha Bedui na jike wake kana kwamba waliishi wao wawili tu. Nyanda za Najd hazikuruhusu hilo. Farasi hunywa maji mengi na hastahimili siku nyingi mbali na kisima. Ngamia ndiye aliyebeba maji. Ngamia ndiye aliyetoa maziwa waliyonyweshwa farasi malisho yalipokauka. Ngamia ndiye aliyeuzwa mjini ili pawepo shayiri na tende. Bila ngamia hapakuwa na farasi. Mali ilikuwa ngamia, na farasi alikuwa matumizi ya mali hiyo, silaha ya uvamizi na fahari ya nyumba. Hata hivyo mzigo ulionekana mzito kwa mtu mmoja, ndiyo maana jike mwenye nasaba mara nyingi alimilikiwa kwa mafungu: aliyemuuza alibakiza haki ya kupewa watoto wa kike watakaotangulia kuzaliwa, na mnunuzi alikubali kwa sababu vinginevyo asingeweza kumpata kabisa. Watu waliomjua farasi kuliko wengi duniani hawakumtarajia ajilipie.

Hapa kwetu pwani mfano ni Unguja ya Sayyid Said. Kumbukumbu za binti yake Salme, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, zinataja farasi wa jumba la Mtoni na watoto wa sultani wakifundishwa kupanda. Farasi wale walilishwa na forodha, na pembe za ndovu, na karafuu, na mikono iliyochuma karafuu ilikuwa mikono ya watumwa; asiyelisema hilo hajaeleza farasi walitoka wapi. Mwaka 1840 merikebu ya Sayyid Said iitwayo Sultana, chini ya Ahmad bin Naaman, ilifika New York ikiwa na shehena ya biashara pamoja na zawadi kwa Rais Martin Van Buren, miongoni mwake farasi wawili wa Kiarabu. Sheria ya Marekani haikumruhusu rais kuzipokea kwa ajili yake mwenyewe, basi Bunge likaamuru ziuzwe na fedha ziingie hazina. Shehena ilitarajiwa kuleta faida; farasi, kama zawadi nyingine, walikwenda bila kutarajiwa hivyo.

Hapo mpinzani wangu atainuka na kunionyesha mashamba makubwa. Je, Trakehnen ya Prussia haikudumu zaidi ya karne mbili? Je, hakuna madume Kentucky na Newmarket ambao ada yao ya kupandisha mara moja hununua nyumba? Ni kweli, na sitaki kulipunguza jambo hilo. Lakini uliza fedha za mwanzo zilitoka wapi. Trakehnen ilianzishwa mwaka 1732 na Mfalme Friedrich Wilhelm wa Kwanza kwa kuwa jeshi na mabehewa ya dola yalihitaji farasi. Aliyelipa ni hazina. Lipica ilianzishwa mwaka 1580 na mtoto wa ukoo wa Habsburg, na jumba la kifalme ndilo lililoilea. Shamba la Tully huko Kildare, Ireland, lilianzishwa mwaka 1900 na William Hall Walker, ambaye utajiri wa familia yake ulitokana na kutengeneza bia. Mwaka 1915 aliwakabidhi farasi wake serikali ya Uingereza, na shamba likawa la taifa. Aga Khan wa Tatu, ambaye Waismaili wa Dar es Salaam walimpima kwa almasi mwaka 1946, alianza kujenga mazizi yake miaka ya 1920 akiwa tayari tajiri, na matunda yakaja baadaye: Blenheim alishinda Derby ya Epsom mwaka 1930, Bahram 1935, Mahmoud 1936. Mazizi ya watawala wa Dubai ya leo nayo tunayajua. Dume anayepandisha majike mia na zaidi kwa msimu mmoja hakika hulipa, ila ili ampate mmoja wa namna hiyo, mwenye shamba amelisha mamia ambao hawakuwa kitu. Tofauti kati ya mfalme na wanandoa wenye mishahara miwili ni ukubwa wa mfuko wa nje. Kuwapo kwa mfuko wa nje hakutofautiani.

Na mfuko mdogo nao umeacha alama kubwa. Justin Morgan alikuwa mwalimu. Alifundisha kuandika na kuimba, alitunga nyimbo za kanisani, na baada ya kuhamia Randolph, Vermont, mwaka 1788, alikuwa pia karani wa mji. Afya yake ilikuwa dhaifu, na mwaka 1791 mkewe alifariki akamwachia watoto wadogo. Mapokeo yanasema dume mdogo aliyeitwa Figure, aliyezaliwa mwaka 1789, alimfikia kama malipo ya deni. Morgan alimtembeza mji hadi mji kupandisha majike ya wakulima huku akiendelea kufundisha, akafariki mwaka 1798 bila kuona lolote kubwa. Figure aliishi mpaka 1821, akavuta magogo, akalima, akakimbia mbio za vijijini, na watoto wake walifanana naye kwa umbo na tabia kiasi kwamba jamii nzima ya farasi ikabeba jina la mwalimu yule. Mwaka 1907 serikali ya Marekani ikaanzisha shamba huko Weybridge kuihifadhi jamii hiyo kwa fedha za umma, na baadaye likaingia mikononi mwa Chuo Kikuu cha Vermont. Kilichoanza kwa ada za wanafunzi wa kuimba kikaishia kulelewa na taifa.

Lakini kisa kinachofundisha zaidi kuhusu mke na mume ni cha shamba la Crabbet, kusini mwa Uingereza. Wilfrid Scawen Blunt alikuwa mshairi aliyewahi kuwa mwanadiplomasia. Lady Anne, aliyemwoa mwaka 1869, alikuwa mjukuu wa mshairi Byron na binti wa Ada Lovelace, mchoraji, mpiga fidla, na mwanafunzi wa lugha ambaye Kiarabu chake kilizidi cha mumewe kwa mbali. Walisafiri Halab na bonde la Furati mwaka 1877 na 1878, wakanunua farasi, na kundi la kwanza likafika Crabbet mwaka huohuo wa 1878. Majira ya baridi yaliyofuata walikwenda Ha'il katika Najd kuyaona mazizi ya mtawala wake, Ibn Rashid. Mwaka 1882 walinunua bustani ya Sheykh Obeyd karibu na Kairo, wakawa na mashamba mawili katika mabara mawili, na kuanzia mwishoni mwa muongo ule wakajipatia farasi kutoka kundi mashuhuri la Ali Pasha Sherif. Dume Mesaoud, aliyeingizwa Uingereza mwaka 1891, ametapakaa katika nasaba za farasi wa Kiarabu duniani kote. Hayo yote yalifanyika huku Wilfrid akiandika mashairi, akimtetea Urabi Pasha, kiongozi wa uasi wa Misri, mwaka 1882 kwa kalamu na kwa fedha, akizuiwa kuingia Misri kwa miaka kadhaa, akigombea ubunge bila kufanikiwa, na mwaka 1888 akifungwa jela Ireland kwa kuwasimamia wapangaji dhidi ya wenye ardhi. Farasi hawakuwa kazi yake. Walikuwa kitu kimojawapo katika maisha yaliyojaa mambo.

Sasa nani aliwalisha? Kodi za mashamba ya ukoo wa Blunt kwa sehemu moja, na urithi wa Anne kwa sehemu nyingine, sehemu ambayo waandishi wengi wa habari za Crabbet wameipita haraka mno. Minada ya Crabbet iliyoanza mwaka 1882 iliingiza fedha, lakini gharama za kusafiri, kununua na kulisha mashamba mawili zilihitaji kisima kingine. Na si fedha tu. Anne ndiye aliyezungumza na wauzaji, akauliza jina la jike, la mama yake na la aliyemfuga, akaliandika. Ndiye aliyeweka daftari la mazizi na shajara za kila siku. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika ufugaji wa nasaba daftari ndilo mali yenyewe: farasi asiye na maandishi ya wazazi wake ni mnyama mzuri tu. Wilfrid alikuwa na sauti, na sauti ikachukua sifa. Nikiulizwa Crabbet ilikuwa kazi ya nani, nitamtaja Anne kwanza.

Kuvunjika kwa Crabbet nako kunathibitisha jambo. Mwaka 1906 walitengana, na farasi wakagawanywa mafungu mawili kama vyombo vya nyumba. Anne alihamia Sheykh Obeyd, akafariki Kairo mwaka 1917, na baba na binti, Judith, wakaingia katika kesi ya kugombea wanyama mpaka mahakama ilipoamua dhidi ya Wilfrid mwaka 1920. Katika purukushani hiyo baadhi ya farasi waliuzwa au kuuawa, na nasaba zilizokusanywa kwa miaka 40 zikakaribia kutawanyika. Crabbet ikaokolewa na Judith, aliyeitwa Lady Wentworth, akaiendesha hadi kifo chake mwaka 1957, na ilifungwa kabisa mwaka 1971 barabara kuu ilipopita katika ardhi yake. Kati ya hayo yote hakuna mahali ambapo shamba lilivunjika kwa kuwa wenyewe walikuwa na shughuli nyingine. Lilivunjika pale makubaliano ya wawili walioligharamia yalipokufa. Hili ndilo ningetaka wanandoa wanaoanza leo walitazame kwa makini kuliko bei ya majani: nani ana haki gani juu ya jike yupi, na imeandikwa wapi.

Tuje Njoro, katika Bonde la Ufa la Kenya, ambako Charles Clutterbuck alijenga shamba mwanzoni mwa karne iliyopita. Kwanza tuseme ardhi ile ilivyopatikana: mapatano ya mwaka 1904 yaliwahamisha Wamasai kutoka sehemu hizo za bonde ili walowezi wapewe nafasi, na mwaka huohuo ndipo Clutterbuck alipowasili. Alijua farasi, lakini hakuanza na farasi. Alianza akiwa mwajiriwa wa mlowezi Lord Delamere, akisimamia ng'ombe wa maziwa, kisha akapata ardhi yake, akaweka kinu cha kupasua mbao na kinu cha kusaga unga. Reli ya Uganda ilihitaji kuni na mbao. Koloni lilihitaji unga. Vinu ndivyo vilivyolisha mazizi, na Waafrika waliokata miti, waliosaga, na masaisi waliolala mabandani ndio waliovifanya vinu na mazizi viende. Mkewe Clara hakukaa; mwaka 1906 alirudi Uingereza na mtoto wao wa kiume, na binti, Beryl, aliyezaliwa mwaka 1902, akabaki na baba. Shamba lile lilistawi likatoa farasi wa kushinda mbio za Nairobi, katika nchi ambayo mbung'o na maradhi ya farasi yaenezwayo na usubi vilikuwa vimewakatisha tamaa wengi.

Kisha ukaja ukame wa karibu na mwaka 1920. Beryl Markham, katika kitabu chake cha mwaka 1942, anaeleza kwamba baba yake alikuwa amefunga mikataba ya kuuza unga kwa bei iliyopangwa mapema. Mvua ikakosekana, bei ya nafaka ikapanda, naye akaiheshimu mikataba mpaka ikamfilisi. Farasi wakauzwa na Clutterbuck akaenda Peru. Soma kisa hiki polepole, kwa sababu hutumiwa kuonyesha kwamba farasi humfilisi mtu. Farasi hawakumfilisi Clutterbuck. Kilichokufa ni kinu, na farasi wakaanguka pamoja nacho kwa kuwa hawakuwa na mlishaji mwingine. Vivyo hivyo Trakehnen: haikuuawa na hesabu za mazizi, iliuawa mwaka 1944 na 1945 dola iliyoilipia ilipovunjika na farasi wakakimbizwa magharibi katika theluji, wengi wakafia njiani. Anayesema wafugaji wenye mishahara wako hatarini amesema nusu. Hatari ipo, nayo iko katika kutegemea chanzo kimoja cha nje, tena chenye kutikiswa na ukame uleule unaokausha malisho. Mshahara wa muuguzi au wa mwalimu hautegemei mvua ya msimu, na mishahara miwili kutoka kazi mbili tofauti ni kinga ambayo Clutterbuck hakuwa nayo.

Wengine hupinga kwa njia nyingine: wakisema kwamba shughuli isiyojilipia ni burudani, na burudani isipewe heshima ya kazi. Hata watoza kodi wa Marekani walikutana na swali hili. Sheria ya mwaka 1969 iliyolenga watu wanaotumia hasara za burudani kupunguza kodi iliweka kipimo cha kuonyesha faida katika miaka fulani. Kwa shughuli nyingine kipimo hicho, tangu marekebisho ya 1986, ni miaka 3 kati ya 5, lakini kwa farasi ni miaka 2 kati ya 7. Watunga sheria walikubali kwamba mnyama huyu ana saa yake, na kwamba mwenye kipato kingine anaweza kuwa mfugaji wa dhati mradi aweke vitabu na aendeshe mambo kwa nia ya kupata faida. Na matokeo? Familia mbili, Coburn na Martin, mmoja wa waume akifanya kazi ya mashine kiwandani Nevada na mwingine akiwa na maabara ya vipimo California, zilinunua kwa dola 8,000 jike wa mbio ambaye wengi hawakumthamini. Hawakuwa hata na shamba. Walimweka katika shamba la watu na kulipia. Mwanawe, California Chrome, alizaliwa Februari 2011, akashinda Kentucky Derby na Preakness mwaka 2014 na Kombe la Dunia la Dubai mwaka 2016, na kuingiza zaidi ya dola milioni 14. Simtaji ili mtu aote ndoto hiyo, maana kwa kila mmoja kama yeye wapo maelfu wasiofika popote. Namtaja kwa sababu wako wanaodai kwamba ubora hauwezi kutoka kwa watu wenye kazi za mchana.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la mnyama mwenyewe. Farasi hangoji likizo. Tumbo lake likijifunga, saa chache ni uhai au mauti, na wenyewe wakiwa ofisini nani ataona? Crabbet yenyewe ilikuwa na vipindi ambapo Anne alirudi kutoka Misri akakuta farasi wamekonda chini ya uangalizi dhaifu, naye alilalamika. Hili siwezi kulijibu kwa historia ya fedha. Linajibiwa na mpangilio wa siku. Majike wengi huzaa usiku, na mtoto anatakiwa asimame ndani ya saa moja hivi na kunyonya maziwa ya kwanza mapema iwezekanavyo, kwa hiyo saa ya hatari kubwa katika mwaka mzima ni ile ambayo watu wa mishahara wako nyumbani, wakikubali kupoteza usingizi. Katika nyanda za Afrika Mashariki usubi wenye maradhi huuma zaidi kuanzia machweo hadi alfajiri, na farasi wanapaswa kuwa bandani kabla jua halijazama. Anayetoka kazini saa kumi na moja jioni na kusafiri saa mbili barabarani hawezi kufika. Basi ama mmoja wao ana zamu ya mapema, ama wanamlipa saisi mshahara kamili, wenye bima na siku ya mapumziko, na gharama hiyo inaingia katika hesabu kabla ya jike wa kwanza kununuliwa. Wasioweza kimojawapo wamweke jike katika shamba la mwenye nafasi na kulipa kila mwezi, kama familia zile mbili za Nevada na California, mpaka ratiba ya nyumba iruhusu.